Perege wa Marhun

Bi Hafidha alizaliwa Unguja, lakini miaka arubaini ya Manah, huko Omani, ilikuwa imeshamfanya mtu wa falaji, ule mfereji wa kale unaougawia mji maji. Mfereji wake wapita chini ya dirisha la jiko, na ndani yake mlikuwa na visamaki vyeusi, virefu kama kidole, vilivyokuwapo kabla ya mji wenyewe. Mwaka huu vikapungua. Badala yake akaona perege wanene, wamejaa mashavu, wakila mayai ya wenyeji wao.

Jirani wa upande wa juu wa mfereji, Marhun, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Wete, alifuga perege katika mabwawa matatu. Yakijaa, maji humwagikia falajini. Bi Hafidha akaenda kumwambia.

"Shikamoo, khalti. Perege wangu hawatoki. Hao wamekuja kutoka kwengine."

"Kwa pasipoti?" akauliza Bi Hafidha, akaondoka zake.

Nyumbani akamwita Mwanamboka, binti wa Pangani aliyemsaidia kazi. Wakatanda chandarua kikuukuu mferejini. Hata chai haijachemka, wana perege kumi na wawili.

Ijumaa ile akamwalika Marhun chakula cha mchana, pamoja na mzee Muatasim, msimamizi wa maji ya falaji, naye mzaliwa wa Unguja. Perege wa nazi wakawekwa katikati.

"Watu wasema perege wa mji wa Ibra ndio watamu," Bi Hafidha akachokoza. "Wako hawafui dafu."

Marhun akaliacha tonge. "Khalti! Hawa hawa unaotulisha ni wangu! Tazama mkia huu mwekundu. Mbegu hii Manah nzima ninayo mimi tu."

"Una hakika?"

"Wallahi!"

"Mzee Muatasim, umesikia. Nimewavua falajini, hapo dirishani."

Mzee Muatasim akajifanya anatafuta mwiba, mabega yakimtikisika. Kule jikoni Mwanamboka aliangusha kifuniko cha sufuria.

"Khalti, umenitega," Marhun akasema, masikio yamemwiva.

"Nilitega perege, mwanangu. Wewe umeingia mwenyewe."

Jumamosi Marhun akaweka wavu wa chuma, na maji ya ziada akayageuzia kwenye mitende. Kisha mzee Muatasim akamwamuru awatoe waliokwisha toroka. Wiki mbili alishinda mferejini, kanzu kaifunga kiunoni, Bi Hafidha akimwelekeza kutoka kitini: "Yule pale! Aa, ushamkosa!"

Kufika Shaabani, vitoto vya visamaki vyeusi vilionekana mferejini karibu na msikiti, na Bi Hafidha akavifurahia kama wajukuu. Perege wachache bado wamejificha chini ya mawe. Hao hana haraka nao, ni kitoweo.