Breki ya Gari la Baba Inashika, Lakini Haiachii

Mwenye ukurasa, nakuomba usitaje jina langu, kwa kuwa wajomba zangu wengi wanakufuata hapa.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, mkazi wa Ruhuwiko hapa Songea, mhitimu wa shahada ya uhandisi wa mitambo. Bado natafuta ajira, hivyo naishi na wazazi. Baba ni mwalimu mstaafu, na popote tunapokwenda hunitambulisha kwa sauti ya juu: "Huyu ndiye injinia wangu." Naandika nikiwa na uchungu, kwa sababu nimegundua kwamba uinjinia wangu unahitajika kwenye utambulisho tu.

Baba ana gari dogo alilolinunua kwa kiinua mgongo chake. Siku za karibuni kila anapokanyaga breki linavuta kushoto, na tukirudi kutoka mjini hubaki harufu ya kitu kinachoungua. Jumamosi hii tunampeleka Bibi, mama yake Baba, nyumbani kwake Madaba baada ya kuuguzwa kwetu, na Jumapili kuna misa ya shukrani. Aliyepita barabara ile ya kuelekea Njombe anaijua miteremko yake na malori yake. Niliona ni wajibu wangu kulikagua gari mapema.

Juzi wazazi walipokwenda kwenye sala za jumuiya, nililiweka gari mahali tambarare, nikazuia magurudumu kwa matofali, nikapiga jeki, nikaliegemeza kwenye stendi za chuma nilizoazima, kisha nikafungua gurudumu la mbele kushoto. Jirani yetu Mama Debora akachungulia uani.

"Injinia! Mchumba akija leo atakukuta umepaka grisi badala ya losheni!"

"Anayeogopa grisi apite tu, mama."

Tukacheka. Tangu hapo sijacheka tena.

Kalipa, yaani kile kibanio cha chuma kinachozibana pedi kwenye diski, ilikuwa imekwama. Pedi ya ndani imelika ikabaki nyembamba, ya nje bado nene. Mpira unaozuia vumbi umechanika, pistoni inayoisukuma pedi imeshika kutu, na nilipojaribu kuirudisha ndani haikusogea. Maana yake ni kwamba Baba akiachia pedali, gurudumu lile linaendelea kubanwa. Diski inapata moto, na kwenye mteremko mrefu mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Yakichemka, pedali inazama hadi chini na gari halipunguzi mwendo.

Baba alirudi akiwa na wanajumuiya wenzake.

"Nani amekutuma kulivua gari langu nguo mbele za watu?"

"Shikamoo Baba. Kalipa imekwama, tafadhali njoo uone hii pedi."

"Rudisha gurudumu. Nitamwita Baba Msimamizi."

Huyo ni mzee aliyesimamia ndoa ya wazazi wangu, naye ni fundi magari. Nyumbani kwetu neno lake halipingwi. Alikuja nikiwa nimeshalirudisha gurudumu, akaketi kwenye usukani, akakanyaga pedali mara kadhaa, akatabasamu.

"Pedali ngumu hii. Gari linasimama palepale. Wewe unataka lisimame mpaka lipige magoti?"

Wote wakaangua kicheko. Nikajibu kwa adabu, "Shikamoo, Baba Msimamizi. Kusimama linasimama. Tatizo ni kuachia." Nikaomba twende nalo mjini na kurudi, kisha tulinganishe joto la rimu. Tulikwenda. Tuliporudi, rimu ya kulia ilikuwa vuguvugu, ya kushoto haikaribiki hata kwa kiganja. Nikadhani sasa mjadala umefungwa.

Baba Msimamizi akachukua dumu la maji, akaimwagia rimu ile ya moto. Mvuke ukapanda, chuma kikalia chwiii.

"Limepoa," akasema akijifuta mikono. "Mtabeba dumu. Kila penye mteremko mnasimama, mnamwagia, mnaendelea. Ndivyo tulivyoendesha kabla hujazaliwa."

"Umesikia, Injinia?" Baba akaniuliza. Nilipoeleza kwamba maji ya baridi yanaweza kuipasua diski yenye moto, walikuwa wameshaingia ndani kunywa chai.

Msiniambie ninunue kalipa nyingine. Ninayo. Nimeipata kwa muuza vipuri mjini, pamoja na pedi. Kuifunga na kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya asubuhi moja. Baba amekataa. "Nikikuruhusu, nitakuwa nimemwambia msimamizi wangu hajui kazi. Atakayelifungua tena gari hili asiniite baba." Nikapendekeza twende kwa basi. Akasema kijiji kizima kinamsubiri amlete mama yake kwa gari lake mwenyewe. Mama naye ananisihi ninyamaze, kwa kuwa mzee yule ndiye aliyewapatanisha kila walipogombana. Kilichonivunja moyo zaidi ni Bibi. Jana aliniita kitandani kwake, akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, ni kweli hutaki nirudi kwangu?"



Kesho Ijumaa Baba atakuwa kwenye mazoezi ya kwaya asubuhi nzima, na ufunguo huwa anauacha juu ya kabati. Nikiifunga kalipa kwa siri na akanikuta, nimempoteza baba. Nisipokamatwa, tutafika salama, sifa zote zitakwenda kwa lile dumu, na gari likiharibika tena ataamini maji. Nikikaa kimya, nitapanda nao Jumamosi huku najua ninachokijua. Nikigoma kupanda, Bibi atakwenda bila mimi.

Ninyi mnaosoma, wazazi na wasichana wenzangu, niambieni kabla ya kesho asubuhi: niishike spana, au niishike heshima ya Baba? Dumu limeshajazwa. Wameliweka miguuni pa kiti cha Bibi.