Mwalimu Mbeyu na Mchi wa Tezo

Kwao Jilore, hakuna aliyekunywa uji wa asubuhi kabla ya kusimulia alichoota. Ndivyo alivyotaka nyanya yake, na baba, ingawa alikuwa msomaji wa Biblia kanisani, hakumpinga mama yake. Priscilla Mbeyu akakua akiamini kwamba ndoto ni habari kama habari nyingine. Unaipokea, unamwuliza aliyeileta maswali, kisha unaiacha ipoe.

Huenda ndiyo sababu, alipofika chuo kikuu Nairobi, alichagua saikolojia, na katika shahada yake ya pili akaandika juu ya watu wanaosikia sauti za wafu wao. Mapema miaka ya themanini akarudi pwani kufundisha shule ya sekondari mjini Malindi. Siku za shule alifundisha. Jumamosi alikwenda mashambani, mahali popote aliposikia kwamba mtu ameona au amesikia jambo lisiloelezeka. Hakuwa mganga wala mhubiri, hakufukuza pepo wala hakumwita. Alikaa mkekani, akasikiliza, akauliza, na baada ya miezi kadhaa akarudi kuuliza upya, aone kama jibu limehama.

Mjini kulikuwa na chama cha watu waliopenda mambo hayo. Walikutana katika ukumbi wa hoteli moja karibu na bahari, wakati wa alasiri, mapazia yakipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Mwenyekiti wao alikuwa Daktari Ndirangu, tabibu kutoka bara aliyeishi Malindi miaka mingi, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Kamande, mpima ardhi, alikuwa mwandishi wa chama. Wengine walikuwa wenye maduka na wastaafu. Katika wote hao, aliyeisomea kazi hiyo alikuwa Mbeyu peke yake. Ndiye pia aliyemimina chai.

Hakuna aliyemwonea kwa ukali. Daktari alimwita binti yangu, ingawa hawakupishana sana kwa umri. Mbeyu akieleza jambo, alisubiri hadi amalize, akatabasamu, kisha akamgeukia Kamande na kumwuliza anaonaje. Mara nyingi Kamande alisema yale yale aliyoyasema Mbeyu, na hapo vichwa vikatikiswa kwa kukubali. Mbeyu alirudi nyumbani akijihisi kama mtu aliyezungumza chini ya maji.

Mwaka wa themanini na sita zikaja habari kutoka kijiji cha Tezo. Mzee Mramba, mkulima wa korosho, alikuwa amefiwa na mkewe Kavumbi. Baada ya arubaini, kila alasiri jua likianza kulegea, mchi ulisikika ukitwanga nyuma ya jiko, na kinu kilikuwa kitupu, kimelazwa ubavu. Chama kikaamua kwenda.

Walifika wakiwa na kinasa sauti kikubwa cha mikanda. Daktari akawapanga wanaume uani, kisha akamwambia Mbeyu kwa upole, "Binti yangu, wewe kaa na kina mama jikoni. Watakuwa huru zaidi."

Mbeyu akaenda bila kinyongo, maana jikoni ndiko sauti ilikosemekana kuwa karibu zaidi. Akaketi na mke wa mwana wa Mramba, aliyekuwa akichambua mchicha. Moshi ulipanda taratibu na kuning'inia chini ya makuti. Kuku walikuwa wamejilaza kwenye vumbi. Hata upepo ulikuwa kama umesahau njia.

Ikaja. Haikuwa kubwa. Mdundo, mdundo, kimya kifupi kama cha mtu anayepangusa jasho, kisha mdundo tena. Yule mwanamke hakuinua macho. Alisema tu kwamba ndivyo mama alivyokuwa akitwanga, kwa sababu bega lake moja lilikuwa bovu. Mbeyu akasimama mlangoni na kutazama uani. Kamande alikuwa ameinamia mashine yake. Daktari Ndirangu alikuwa ameshika dafu, limefika karibu na mdomo, na hapo likakaa.

Mkanda ulipochezwa baadaye, ulikuwa na milio ya kunguru tu. Daktari akamweleza Mzee Mramba kwamba huo ni mwangwi kutoka kwa majirani, na akampa vidonge vya usingizi. Mzee akavipokea kwa mikono miwili na kuvitia mfukoni bila kuvitazama.

Mbeyu akarudi Tezo peke yake. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani wasitwange alasiri moja tu, nao wakakubali. Wengine walitoka wakaketi vibarazani, mikono mapajani, kama watu wanaongojea mvua. Mchi ukasikika vile vile. Mzee Mramba alikuwa ameketi kando ya Mbeyu.

"Mwanangu," akasema, "niambie kweli. Mama yao amekasirika?"

"Baba, sijui ni nini. Sitakudanganya. Lakini nami nimeusikia."

Mzee akavua kofia na kuiweka gotini, akaanza kumsimulia jinsi alivyomwona Kavumbi mara ya kwanza, Jilore, huko huko kwao Mbeyu, akivuka shamba la mtama na ndoo kichwani. Jua likawa linazama na bado anasimulia. Mvua za masika zilipoingia, sauti ilififia, na hakuna aliyejua iliacha siku gani.

Katika mkutano uliofuata Mbeyu alieleza jaribio lake. Daktari akasubiri amalize.

"Mwalimu wetu ana moyo mwema," akawaambia wenzake. "Lakini mwanamke, mawazo yake yako jikoni. Akikaa kimya, atasikia mchi tu."

Wakacheka, kicheko cha kirafiki kabisa. Mbeyu alilikumbuka lile dafu. Angeweza kulisema hapo hapo, na hakulisema. Aliona kwamba ushuhuda ni mali ya mwenyewe, hauchomolewi kifuani mwa mtu kwa nguvu. Akaweka birika mezani, akawaaga, na hakurudi tena katika ukumbi ule.

Miezi ikapita. Alasiri moja Daktari Ndirangu akapiga hodi nyumbani kwake. Alikataa chai. Akakaa akitazama sakafu, kisha akasema kwamba siku ile Tezo alisikia mchi, na si mara moja. Tangu hapo alikuwa akimwota mama yake, aliyemzika akiwa bado mwanafunzi, akitwanga mahindi mlimani kwao, amempa mgongo.

"Mbona hukusema mkutanoni?" Mbeyu akauliza.

"Ningesemaje? Mimi ni daktari."

"Na mimi ni nani?"

Daktari akafikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta jibu la swali gumu. "Wewe watu wanakutazamia usikie," akasema. "Huna cha kupoteza."

Mbeyu alikasirika. Lakini mbele yake palikuwa na mtu aliyekuwa bado akimlilia mama yake. Basi akamwuliza maswali yale yale aliyomwuliza kila mtu: alikuwa amelala vipi usiku uliotangulia, sauti ilitoka upande gani, ilimgusa mwilini au masikioni tu. Alijibu yote. Mwisho akaomba jina lake lisitajwe popote, naye akamwahidi. Alipofika mlangoni alimwita Mwalimu, si binti yangu, kisha akashuka ngazi. Katika chama hakusema kitu, na chama chenyewe kikafifia polepole, watu wakihama mji na wengine wakichoka.

Mbeyu hakuhama. Alianza kukaribisha watu barazani kwake Jumamosi moja moja: wakunga, wauguzi, mke wa mchungaji, na mara nyingine Kamande, aliyejiketisha mwishoni na kuongea kidogo. Hapo mtu alisema hadi amalize, na swali likarudi kwake yeye mwenyewe, si kwa jirani yake.

Karibu na mwisho wa miaka ile ya themanini, aliitwa aende Marafa. Mkulima mmoja, Garama, alisema alikuwa akiona taa zikitembea ndani ya korongo jekundu lililo nyuma ya shamba lake. Mbeyu alifika asubuhi, ukungu bado umeshika kingo za udongo. Garama alimwamkia, kisha akachungulia nyuma yake barabarani.

"Mtaalamu mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akamtazama viatu, akamtazama uso. Akatazama tena barabara tupu. Kisha akavuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja na kumwekea chini ya mwembe mchanga, yeye akachuchumaa.

"Haya," akasema. "Nianzie wapi?"

"Anzia palipokushangaza," akajibu Mbeyu.

Na jua lilipokuwa likiwasha korongo taratibu, tabaka kwa tabaka, waridi, kisha chungwa, kisha nyeupe, Garama akaanza kusema.