Banio la Orihara

Wanaosema Orihara Tokuji aliuawa na samaki wanasema kwa kuwa ulimi hauna mfupa. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu ujana, na nyumba yao haikuwahi kuficha maradhi. Kilichomtesa mwaka wake wa mwisho kilikuwa kitu kingine.

Baba yake ndiye aliyejenga banio la Nukazawa, ule ukuta wa zege unaokatiza kijito na kugeuza maji kuelekea mashamba ya mpunga. Alilijenga baada ya mafuriko kuwapokonya watu ardhi, na jina lake likachongwa kwenye jiwe la ukingoni. Kila msimu wa kuwakumbuka wafu, Tokuji akishamaliza kuosha kaburi la baba yake, alishuka kijitoni kuliosha jiwe hilo pia. Alisoma, akawa mwalimu wa ufundi wa maji katika chuo cha mjini. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akifoka.

Mwaka ule alisimamia kikosi cha wanafunzi waliotaka kuwafungulia njia samaki waitwao ayu. Ayu huzaliwa mtoni na kupitisha utoto wao baharini, kisha majira ya kuchipua hurudi wakiwa wadogo kama kidole, wakapanda mto hadi vijito vya juu. Hapo Nukazawa walikuwa wakikomea ukutani. Minori, binti aliyeongoza kikosi, alichora ngazi ya maji, vidimbwi vya kupandia samaki kimoja baada ya kingine, iliyopenya ndani ya banio, mlango wake ukiwa pale pale maji yanapoangukia.

"Ukuta hatuukati," Tokuji alisema. "Ngazi itokeze nje, iteremke kufuata mto."

"Lakini Mwalimu, mlango ukiwa kule chini, mbali na ukuta, si watapitiliza?"

"Tuwawekee kibao," Kohei, mmoja wa wanafunzi, akadakia. "'Ndugu ayu, mmepita, rudini nyuma.'"

Darasa likacheka. Tokuji naye akacheka, ila neno lake hakulibadili. Sababu kila mmoja aliijua. Minori akainama kwa heshima, akachora upya, na ngazi ikajengwa hivyo.

Samaki hufuata maji yanayovuma. Ayu walipofika, walipita ubavuni mwa mlango wa ngazi bila kugeuka, wakajazana chini ya ukuta, wakiruka na kujigonga kwenye zege, huku yangeyange wakiwala bila haraka. Wazee wa ushirika wa maji wakaja kujionea.

"Ndiyo elimu hiyo, binti?" mmoja akamwambia Minori. "Umewaandalia ndege karamu!"

Minori akainamisha kichwa. Jina la mwalimu wake hakulitaja. Tokuji akaingia majini na suruali yake, akawa anawachota samaki kwa ndoo na kuwamwaga upande wa juu, maji yakiwa bado ya theluji. Kesho yake akarudi, na keshokutwa.

Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake, Fusae, ambaye tangu ujane wake ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba.

"Mama, nimekosea. Si wale watoto, ni mimi. Ukuta ukatwe."

"Baba yako aliibeba zege ile mgongoni. Leo unamchukulia nyundo?"

"Baba alizuia mafuriko. Samaki hakuwakusudia."

"Hayo ni maneno ya darasani. Watu watasema Waorihara wamejenga vibaya mara mbili, baba na mwana."

"Kwa mwana watakuwa wamesema kweli, Mama."

Fusae akaigeukia chai yake. Na ushirika ulikwisha tamka: bila ndiyo ya Mama Fusae, banio haliguswi, sheria iseme itakavyo.

Kwenye mkutano wa ushirika Tokuji alisujudu hadi paji la uso likagusa mkeka. Akaeleza kwamba mchoro wa kwanza wa Minori ulikuwa sahihi, na kwamba yeye ndiye aliyeukataa. Watu wakatazama chini. Haikuwa desturi mtu wa nyumba ile kujianika hivyo, lakini hakutaka binti wa watu abebe lake.

Jioni baada ya jioni alimwomba mama yake, naye alimjibu kwa kumwongezea wali. Moyo wa Tokuji ukasimama mpunga ukiwa bado haujavunwa.

Msibani wanafunzi walikaa nyuma kabisa. Fusae akawaita mbele, kando ya jeneza.

"Wewe ndiye uliyechora ule mchoro wa kwanza?" akamuuliza Minori.

"Ndiyo, Bibi."

"Bado upo?"

"Upo, Bibi."

"Basi kateni."

Wazee wa ushirika walisikia. Fusae akauelekea uso wa mwanawe na kumwambia, kwa sauti ile ile aliyozoea kumkemea nayo, "Haya, nimekubali." Akangoja kidogo, kama anayetarajia kuitikiwa.

Ukuta ulikatwa wakati wa baridi, maji yalipopungua. Siku hizi ayu wanapita. Fusae hajashuka kuwatazama.