Kaburi Alipobonyeza Ruhusu

Fundi huyu wa nguo za kike hakuitwa kwa jina lake. Wateja walimwita Kaburi, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Anayeshona nguo za watu huyajua mengi: nani ana bega moja chini, nani amekonda kwa majonzi na kusingizia mazoezi, nani anaolewa huku kiuno kikiongezeka kila wiki. Kaburi aliyajua yote na hakusema lolote. Daftari la vipimo alilifungia kwenye mtoto wa meza ya cherehani, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na utepe wake wa kupimia.

Lakini hakuna asiye na ila. Majina hayakumkaa kichwani hata kwa dawa. Kilichomkaa ni miili. Basi kwenye simu aliwaandika watu kama alivyowakumbuka: "Bega Chini", "Tumbo Mbele", "Kifua Kipana Mwenye Haraka". Dada yake wa tumbo moja alikuwa "Nyonga". Nani angeona? Simu ilikaa mfukoni mwa aproni, na aproni ilikaa kiunoni mwake.

Mwaka huo kila fundi wa mtaa alikuwa akionyesha kazi zake mtandaoni, naye akaona asibaki nyuma kama mkia. Akajiunga na mtandao mmoja wa bure, wa picha na soga. Kabla hajaweka hata picha moja, kioo kikamuuliza: Je, tukusaidie kuwapata unaowafahamu? Chini yake palikuwa na kitufe kikubwa cha bluu, Ruhusu, na kingine kidogo cha kijivu ambacho bila miwani hakisomeki. Mtu mwenye adabu hakatai msaada. Akabonyeza kikubwa. Palepale, kimyakimya, namba zote na majina yote yakahamia kwa kampuni. Wahenga walituonya kwamba rahisi ghali, lakini wahenga hawakuwahi kukutana na cha bure.

Kampuni hiyo ilikuwa na hisani moja kwa watu wake: ukipigiwa na namba usiyoijua, inakuonyesha jina la mpigaji. Jina inalitoa wapi? Kwenye simu za akina Kaburi.

Wiki mbili baadaye, mchana, bibi harusi wake mmoja aliingia bila hodi. Gauni lake jeupe lilikuwa ukutani, limebaki kutiwa vifungo, na chini ya kifua lilikuwa na marinda matatu ambayo Kaburi aliyabuni mwenyewe ili yafiche linalopaswa kufichwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umejikunja kama nguo isiyopigwa pasi?"

"Uliniandika nani kwenye simu yako?"

Kaburi akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

"Jana nilimpigia mama mkwe kumsalimu," binti akasema. "Ndiyo mara yangu ya kwanza kumpigia. Simu yake ikamwambia anapigiwa na Bi Harusi Miezi Mitatu. Mawifi wote walikuwa hapo, wakasoma. Akaniuliza, 'Mwanangu, miezi mitatu ya nini?' Tulikuwa tuwaambie wenyewe, Fundi. Mimi na mwenzangu. Kwa wakati wetu."

Kaburi alikaa kwenye kigoda. "Haki ya Mungu, sikumwambia mtu."

"Najua. Hukumwambia mtu."

Akaitoa simu haraka, akalitafuta jina, akalifuta. "Ona. Halipo tena."

Binti alikwenda saluni ya jirani, akarudi na simu ya msusi, ambaye naye alikuwa kwenye mtandao uleule, akaipigia kwa simu yake. Ikalia, na juu ya kioo jina likatokea lilelile, herufi safi, halikupungua hata moja.

"Umefuta kwako," binti akasema. "Kwao halifutiki."

Kaburi aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu ashike sindano. Miaka thelathini ya kufunga mdomo, na kidole kimoja kimemaliza yote. Akaliteremsha gauni, akalikunja. "Lipeleke kwa fundi mwingine, mwanangu. Mimi sistahili tena."

Binti alilipokea, akalikunjua, akayatazama yale marinda kwa muda mrefu.

"Yafumue," akasema. "Unilegezee na kiuno."

"Utaonekana."

"Nimeshaonekana. Angalau nipumue."

Kaburi akavua utepe shingoni, akauzungusha kiunoni mwa binti, akasoma kipimo kwa macho tu. Kisha, kwa mazoea, akachukua ufunguo, akainama kufungua mtoto wa meza. Binti akaweka kiganja juu ya tundu la kufuli.

"Usiandike, Fundi."

Kaburi akaurudisha ufunguo shingoni. Akatandika kitambaa cha kuongezea ubavuni, akaishika namba kichwani, midomo ikiirudia bila sauti, mpaka mkasi ulipomaliza kupita.