Kozi Niliyoifunga

Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja bodi iliponiita niwe mkuu wa chuo cha ualimu. Kabla ya hapo nilikuwa nauza mabati, saruji na nondo. Nilianza na kibanda pale Majengo, nikaishia na maduka matatu, kwa sababu Serikali ilikuwa inahamia Dodoma na kila mtu alikuwa anajenga. Shahada yangu ya biashara niliipata ukubwani, kwa masomo ya jioni. Kufundisha sikuwahi kufundisha hata siku moja.

Nilimweleza hivyo mwenyekiti wa bodi, mchungaji mstaafu aliyenijua tangu nikiwa binti mdogo Mlali.

"Walimu tunao," alinijibu. "Tunachokosa ni mtu wa kufanya mambo yaende. Chuo kinatufia mikononi, mwanangu."

Nikakubali. Maduka nikamwachia mdogo wangu.

Kwenye kikao changu cha kwanza na wakufunzi niliwaambia kwamba mwanachuo ni mteja, na mteja asiporidhika harudi wala hamleti mwenzake. Kisha mkuu wa taaluma, mama mpole aliyevaa miwani yake kwa kamba shingoni, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mkuu. Mteja akifeli mtihani tunamwambiaje?"

Walicheka kwa adabu. Nami nilicheka, nikahamia ajenda iliyofuata.

Kazi niliifanya. Nilichimbisha kisima, nikajenga ukuta, nikapaka rangi mabweni yaliyokuwa yamebabuka kwa upepo na vumbi la kule njia ya Zuzu, kilipo chuo. Wanachuo wakaongezeka. Ila uchovu wa dukani nilikuwa naufungia humo humo nikifunga mlango jioni, basi umekwisha. Wa chuoni nilikwenda nao nyumbani. Mara binti ana mimba na anaogopa kumwambia baba yake. Mara wakufunzi wawili hawasalimiani kwa sababu ya ratiba. Mara mzazi ametoka Manyoni na hataki kuonana na mtu mwingine yeyote ila Mkuu mwenyewe. Nilizoea kula ugali wangu na mlenda kimya kimya, na mume wangu akazoea kutoniuliza.

Mwaka wa pili tulipitia kozi zote, moja moja. Ya kufundisha watoto viziwi ilikuwa na wanachuo sita. Karibu masomo yake yote yalibebwa na mkufunzi mmoja, mzee aliyenizidi miaka saba, ambaye mimi bosi wake nilikuwa namwamkia kila asubuhi. Darasa lake lilikuwa la mwisho, karibu na stoo. Nilikuwa nikipita dirishani naona mikono inabishana na mabega yanacheka, nami naendelea na safari zangu. Dukani nilijifunza kwamba bidhaa isiyotoka unaitoa rafuni, unaweka inayotoka. Niliandika pendekezo la ukurasa mmoja. Bodi ikalipitisha kabla ya chai.

Nilimwita ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mkuu."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia magotini.

"Na hawa sita?"

"Watamaliza. Hatutachukua wapya."

"Na mimi?"

"Utafundisha saikolojia. Hatukupunguzi."

"Mkuu, umewahi kuingia darasani kwangu?"

"Sijapata nafasi, mwalimu."

"Haya," alisema, akainuka, akarudisha kiti mahali pake.

Aliwafundisha wale sita mpaka wakahitimu, kisha akaandika barua ya kuacha kazi. Alirudi kwao Kondoa, akaajiriwa kwa mkataba katika shule ya msingi yenye kitengo cha viziwi. Siku wenzake walipomuaga kwa soda na maandazi, nilikuwa kwenye kikao cha ujenzi wa ukuta.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kondoa kukagua wanachuo wetu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Tulifika watu wanatoka kuswali adhuhuri. Mwalimu mkuu wa shule alinizungusha madarasani, na katika chumba cha mwisho nikamkuta, chaki mkononi, amepungua mwili. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu, akanipa kiti.

Nilikaa kipindi kizima. Watoto walikuwa ishirini na mmoja, wamekaa nusu duara ili waonane. Katikati ya somo msichana wa miaka kama kumi alimwuliza kitu kwa mikono, na darasa zima likanigeukia. Wakashauriana, kisha wote wakagonga kifundo cha mkono wa kushoto kwa vidole viwili.

"Wamekupa jina," mzee aliniambia. "Anayetazama saa."

Niliishusha mikono yangu chini ya daftari.

Watoto walipotoka kwenda kula, alinieleza habari za yule msichana. Alipoletwa hakuwa na lugha yoyote. Mama yake alikuwa akitaka kumwita anamrushia kijiwe kidogo mgongoni, basi. Sasa mama huja kila Ijumaa kujifunza alama, ili ajue mwanawe anaota nini usiku.

"Mko walimu wangapi hapa?" niliuliza.

"Niko peke yangu. Nikiumwa, wanarudi nyumbani."

Afadhali angenigombeza. Njiani, toka Kondoa hadi tunaingia mjini, dereva aliniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Nilijaribu kuirudisha kozi. Niliwaomba radhi wajumbe wa bodi kwa kuwapotosha, wakanishangaa, maana wao hawakuona kosa. Waliniruhusu niombe upya kibali serikalini. Jibu tulilopata ni kwamba lazima tuwe na wakufunzi wawili wenye sifa. Mmoja nilimpata kwa shida. Wa pili nilimpigia simu.

"Mwalimu, naomba urudi. Nilikosea."

Kwa mbali nilisikia viti vinaburutwa sakafuni.

"Nimekusikia, Mkuu, na sina kinyongo. Lakini nikija huko, hawa nawaachia nani?"

"Ukirudi utatufundishia walimu wengi."

"Baada ya miaka mitatu. Hawa wananisubiri kesho asubuhi."

Nilimshukuru, nikaweka simu mezani, nikaendelea kusaini barua za ruhusa. Ombi letu likalala, na yule mkufunzi mmoja akapata kazi Iringa, akaenda.

Nilimaliza mwaka mmoja zaidi, nikaandika barua yangu ya kuondoka. Mwenyekiti alinisihi nibaki. Nilimwambia nimechoka, naye kwa kuwa ni mzee aliielewa kauli hiyo kuliko sababu yoyote ambayo ningeitunga.

Siku ya kuniaga, mkuu wa taaluma ndiye aliyesoma risala. Alitaja kisima, ukuta, mabweni, wanachuo walivyoongezeka. Kozi niliyoifunga hakuitaja, kwa hisani, nadhani. Walinivisha kitenge, wakaimba, nikala pilau na wapishi jikoni kwa sababu huko kulikuwa na utulivu. Saa nane mume wangu alikuja kunichukua. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikalala na kile kitenge mabegani mpaka magharibi.