Kuku wa Kuomba Radhi

Mama yangu, Kunegunda, aliuza dagaa wa Nyasa sokoni Songea kwa miaka ishirini, na hakuna mteja aliyewahi kumzidi maneno. Lakini mbele ya katekista alinywea. Nasema hivi kwa hasira, na sitaki kutulizwa.

Mume wangu, Makarius, alipopunguzwa kazi kwenye ushirika wa mazao, miaka ile wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao, hasira zote alizileta nyumbani. Wenye malori hakuwagusa. Alinipiga mimi. Mara mbili nilikimbilia kwa mama, mtaa wa Bombambili, na mara mbili mama alikwenda kumuuliza katekista wetu, mzee Polikarp, akarudi na jibu lilelile: "Huo ni msalaba wake. Aubebe." Kisha alifunga kuku miguu, akanipa nikamwombe Makarius radhi, maana ndivyo mke alivyorudishwa. Aliyepigwa mimi, aliyekula kuku yeye!

Mara ya tatu nilifika Jumatano Kuu, mkono umevunjika. Mama aliufunga kwa kanga. Asubuhi nikaona kuku mwekundu mlangoni, kafungwa miguu. Nilitamani kumtukana mama yangu mzazi, Mungu anisamehe.

"Safari hii ataniua, mama."

"Tusali Ijumaa Kuu kwanza," alinijibu.

Ijumaa Kuu jumuiya nzima ilipanda mlima kwa Njia ya Msalaba. Na msalaba ule mzito wa mninga alipewa nani aubebe? Makarius! Shati jeupe, uso wa huzuni, watu wakimwonea huruma. Nilikunja ngumi kwa hasira hadi mkono uliovunjika ukaanza kuuma upya.

Kituo cha tano, Polikarp alisoma habari za Simoni wa Kirene, yule aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba, akafunga kitabu, akanitazama. "Akina mama, mjifunze kuvumilia. Yesu hakuukimbia msalaba wake."

"Mzee Polikarp, shikamoo," mama alisema kwa sauti yake ya sokoni, wala hakungoja marahaba. "Yesu alijitoa mwenyewe. Huyu mwanangu nilimtoa mimi, mara mbili, na kuku juu yake. Hiyo si sadaka, ni woga wangu. Na huyo Simoni uliyemsoma, alimwambia Yesu avumilie?"

Polikarp alifungua tena kitabu, akapekua.

"Alitia bega," mama alisema.

Akanishika mkono ule mzima, tukaanza kuteremka. Makarius aliniita kwa jina. Hakuweza kutufuata, msalaba ulikuwa begani kwake na watu wote wanamtazama.

Jumapili ya Pasaka mama alimchinja yule kuku mwekundu. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume, aliniwekea mimi. Sikuweza kujikatia nyama kwa mkono mmoja, akawa ananilisha yeye, huku analia. Sikumwambia anyamaze.