Reli ya Irlande Sebuleni kwa Mama

Kaka yangu mkubwa alikufa kwenye reli, kule Irlande, Ulaya, na kwa miezi saba ukoo wetu ulikataa kumlilia. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaokuja hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kuitazama treni ndogo iliyo sebuleni kwa mama hudhani niliijenga kwa kupenda michezo. Wananipigapiga begani, wananisifu. Mimi ni fundi wa maboti. Kama wanataka kunisifu, waende ufukweni wakatazame maboti.

Wazo la treni lilikuwa lake. Wakati wa vita alivuka ziwa akiwa kijana, akakaa kambini Tanzania miaka mingi, halafu akachaguliwa kupelekwa Irlande. Huko alipata kazi ya kuosha mabehewa. Nilidhani angeona haya kunieleza kazi ya namna hiyo, kumbe alizipenda zile treni kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima akipenda chombo. Alinitumia picha za mabehewa ya kijani yenye uso wa manjano, picha za madaraja, za vibao vya stesheni vilivyoandikwa lugha mbili. Alinitumia na sauti, dakika tano, dakika nane, anazungumza huku anatembea kurudi nyumbani, upepo unavuma ndani ya simu, viatu vyake vinasaga kokoto. Nilizisikiliza nikiwa kazini, mikono imejaa rangi.

Siku moja akatuma picha ya mchoro. Alikuwa ameuchora kwa penseli nyuma ya kalenda: stesheni mbili, mlima wenye njia ya kupita ndani yake, kisha reli inayofuata bahari. Ilikuwa njia yake ya kila siku. Akija likizo tungeijenga pamoja, ndogo, juu ya meza, ili mama aone mwanawe anaishi wapi. Kipimo alikwisha kukiamua: mita moja ya kule iwe sentimita moja ya kwetu.

Mwezi ule nilipeleka boti Kalemie, na Kalemie reli ipo. Nikaona nimfurahishe. Nilichuchumaa katikati ya njia ya treni, ufito mkononi, nikapima upana kutoka chuma hadi chuma, nikakata alama, kama tunavyopima boti. Wenye mifugo walinipita pembeni wakinishangaa. Nilipomweleza kaka, alicheka mpaka akakohoa. Petit, yaani mdogo, ndivyo alivyoniita siku zote.

"Petit, umepima ya Kalemie? Ya huku iko pana. Ongeza mukono moja, toka kwa kiwiko mupaka kwa vidole."

Nilinuna siku mbili. Halafu nikaongeza mkono.

Habari ya kifo ililetwa kwa simu na mama mmoja mzaliwa wa Swima, aliyekuwa akisali naye kule. Treni ilimkuta juu ya reli, mchana, katikati ya stesheni mbili. Baadaye ikaja karatasi kwa Kiingereza, tukasomewa. Haikusema alijiua, wala haikusema hakujiua. Lakini maneno ya watu hayangojei karatasi. Walisema alikuwa amepoa siku zile, kwamba alisimama akaisubiri. Baba mkubwa, mkubwa wa ukoo wetu, aliyasikia kule Fizi kabla yangu.

Katika ukoo wetu, mtu aliyejitoa uhai hakaliwi matanga. Watu hawaji kulala uani, hakupikwi, na jina lake hapewi mtoto. Linaachwa lipotee. Wiki mbili baada ya simu ile mke wangu alijifungua mtoto wa kiume, na mama akamshika, akamtazama uso, akasema jina la kaka. Baba mkubwa akatuma neno kwamba jina hilo lingoje. Basi kwenye karatasi ya kliniki mahali pa jina pakabaki wazi, na sisi tukawa tunamwita bebe. Mama naye alikuwa ameshuka kitandani siku ya habari, akalala kwenye mkeka, kama mzazi anavyofanya hadi matanga yaondolewe. Lakini matanga ambayo hayakuwekwa yataondolewaje? Akabaki palepale, juu ya simenti, na kifua kikaanza kumbana. Nilimwomba arudi kitandani. Nilimfokea pia, na nikajuta.

"Mutoto wangu iko inje," alisema. "Mi nitapanda kitanda namna gani?"

Nilipanda Fizi kumwona baba mkubwa. Nilimwambia kaka alitembea juu ya reli kwa sababu sisi ndivyo tunavyotembea. Kalemie kila mtu anapita hapo: wenye mkaa, wanafunzi, mbuzi. Reli ni njia iliyokwisha kusafishwa, nani aiache apite porini? Treni ikija unaisikia mbali, unasogea, inapita, unarudi njiani. Kaka alifanya hivyohivyo akitoka kazini, na treni za kule zinakimbia.

Baba mkubwa alikuwa amefanya kazi Kalemie ujanani. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu ya kusikiliza.

"Mi sikatai," akasema. "Lakini bazee bataniuliza neno moja: ile treni, aliiona ao hakuiona? Utabajibu nini?"

"Nitabaonyesha, baba mukubwa. Njia yote nitabaonyesha."

Nilisema kwa hasira. Kwenye pikipiki ya kuteremka Baraka ndipo nilipoelewa nimeahidi nini.

Nilipeleka mchoro kwenye duka la fotokopi, wakanitolea karatasi kubwa, nikaibandika ukutani sebuleni kwa mama. Meza niliitengeneza kwa mbao zilizobaki za boti, mita tatu kwa moja na nusu. Reli zenyewe zilinisumbua wiki nzima, hadi nilipovunja mwavuli mbovu nikaona mbavu zake: chuma chembamba, chepesi kupinda, kigumu cha kutosha. Nilikusanya miavuli iliyokufa mtaa mzima. Mataruma, vile vijiti vya kulaza reli juu yake, nilivichonga mamia, na upana kati ya chuma na chuma nikaupima kwa upana wa kidole changu cha shahada, kwa kuwa ni sawasawa na milimita kumi na sita. Magurudumu ni vifungo vya shati. Mota ilitoka kwenye DVD iliyoungua, betri kwenye taa ya sola. Rangi ya kijani sikuwa nayo, nikachanganya ya bluu na ya manjano za maboti. Behewa la kwanza nilipolimaliza nikajikuta nimeziba viungo vyake kwa pamba, kana kwamba lingeelea. Nilicheka peke yangu, halafu nikageuka kumwonyesha kaka.

Niligeuka kweli. Ilikuwa mchana kweupe, mama yuko nje anachambua maharage, na mimi nimegeuka na behewa mkononi kumwonyesha mtu. Tangu hapo jambo hilo likazoea kunitokea. Nikikata chuma kifupi, nilisikia kicheko. Nikiwa napiga randa nilisikia kokoto zikisagwa, nikasimamisha mkono, zikanyamaza. Sikuogopa. Nilikasirika, kwa sababu kama alikuwepo angeweza kusema kilichotokea, tumalize.

Sauti yake ya mwisho alinitumia siku mbili kabla ya kufa. Anasema kuhusu baridi. Anauliza kifua cha mama. Kisha ananyamaza, hatua tu, hatua nyingi, na mwisho anasema, "Petit, tutaijenga." Nimeisikiliza sijui mara ngapi. Kuna siku nasikia mtu mchovu anayerudi nyumbani. Kuna siku nasikia mtu anayeaga.

Mtu mdogo wa kusimama badala ya kaka nilimtengeneza kwa njiti ya kiberiti, urefu sentimita moja na robo tatu, koti jeusi. Kwenye mchoro, reli ikishapita mlimani na kufuata bahari kidogo, inapiga kona kali. Hapo ndipo nilipomweka, mwishoni mwa kona, mgongo kwa treni inayokuja. Mahali palieleweka kwangu tangu siku ya kwanza: kona, upepo, treni imefichika, basi. Nilimbandika kwa gundi, na kila asubuhi nilimkuta ameanguka kifudifudi. Nilisema ni mijusi.  Mama alimsimamisha tena kwa ncha ya kidole, akaenda kuwasha moto.

Siku tatu kabla ya wazee kuja, yule mama wa Swima alinitumia picha. Nilikuwa nimemwomba siku nyingi aende mahali penyewe, na hatimaye alikwenda, akaweka maua kwenye uzio. "Ni hapa," aliandika. "Nilioneshwa na wenye kujua. Pole, ndugu yangu."

Bahari ilikuwa upande mmoja, upande mwingine majani marefu ya kinamasi. Katikati reli, imenyooka kama uzi wa mwashi, inakwenda mpaka macho yanashindwa. Hakuna mlima wala mti. Nilipekua picha ile pande zote nikitafuta kona. Nikafungua ule mchoro wa kaka ndani ya simu, ule wenyewe, si fotokopi, nikaukuza. Pembeni kabisa, mahali palipokatwa na fotokopi, palikuwa na maneno ya penseli: Hapa tunakunja, sababu meza imeisha.

Kona haikuwa ya Irlande. Ilikuwa ya meza. Aliichora ili treni yetu ipate pa kugeukia, irudi ilikotoka, na mimi fundi mzima nikaisoma kama njia ya kweli na kumsimamisha ndugu yangu hapo.

Nilikaa kwenye benchi. Nilijiambia mtu anaweza kutembea na mgongo kwa treni hata kwenye reli iliyonyooka. Upepo wa bahari unakula sauti, na yeye alipenda kuweka nyimbo masikioni. Hayo yote yanawezekana, na mpaka leo nayashikilia. Lakini wazee walikuwa wameuliza neno moja tu, aliona au hakuona, na mbele ya reli iliyonyooka nisingekuwa na jibu. Upande wa pili wa ukuta mama alikohoa, akapumzika, akakohoa tena.

Nilitoka nikachukua ndoo, nikateremka ziwani kutafuta udongo. Niliukanda na karatasi za magazeti, nikajenga kilima ndani ya kona, kirefu, mpaka kikafunika njia yote ya nyuma. Nikakipaka kijani. Kona ilikuwa kosa, na kosa ningeweza kulitetea. Kilima nilikifanya nikijua.

Wazee walikuja wanne. Baba mkubwa alitoka Fizi, wa mbali zaidi Lulimba, anakolima, vumbi la njia bado kwenye nyusi zake. Waliizunguka meza wakiwa na mikono mgongoni. Nilieleza: hapa anaosha mabehewa, hapa anapita, hapa ni bahari. Nikaunganisha betri. Treni iliondoka stesheni kwa kutetemeka, ikaingia mlimani, ikatoka.

"Simamisha," akasema baba mkubwa.

Nilisimamisha. Mzee yule, mwenye magoti mabovu, alipiga magoti kwenye simenti, akalaza shavu juu ya meza kando ya yule mtu wa kiberiti, akielekea inakotoka treni, jicho lake likawa mahali pa macho ya kaka. Akafumba la pili.

"Leta."

Nikaileta. Ilikuja nyuma ya kilima, tukasikia mota yake tu, ikatokea pale konani ghafla na kumgonga mtu wa kiberiti, akaruka, akaangukia upande wa maji.  Baba mkubwa alibaki shavu mezani kwa muda, na nilipomsaidia kuinuka niliona uso wake umelowa.

"Hakuona," akawaambia wenzake. "Mi mwenyewe sikuona."

Yule wa Lulimba akaniuliza kama mahali penyewe pako hivyo. Nilimjibu, ndiyo, mzee, pako hivyo.

Tulikaa matanga siku tatu. Uani hapakuwa na nafasi ya kupitisha mguu, watu wakalala hata chini ya boti ambalo sikuwa nimelimaliza. Siku ya mwisho walimnyoa mama nywele, wakamwogesha, na shangazi zangu wakampandisha kitandani wakimshika mikono yote miwili. Mtoto alipewa jina mbele ya watu wote. Mimi nililia kuliko wote, na walinivumilia, wakijua tulivyopendana.

Ile picha nimeifuta. Haikusaidia, kwa sababu naiona vilevile. Nikiwa nachonga ubao mrefu na kufumba jicho moja kutazama kama umenyooka, naiona, na kule mwisho kabisa kuna kitu kidogo cha manjano kinachokuja, na mtu ana muda wote wa dunia.

Mama ametulia kifua. Alasiri hukaa kwenye kiti kando ya meza, amempakata mjukuu wake, na ananiomba niiendeshe mara moja, mbili. Wiki iliyopita aliniambia niisimamishe. Akanyoosha mkono, akaweka kidole kwenye kona.

"Ni hapa tu," akasema.

"Ni hapo, mama."

"Kama habangepindisha njia hapa, mutoto wangu angeiona."

"Ndiyo, mama."

"Angeiona, angetoka kwa njia."

Alikuwa akinitazama, anangoja.

"Angetoka, mama," nikamwambia.